Kwani Msimbo wa Kwenye Kiwango ni wa Nani?

Kuna swali moja huwa naulizwa na madevelopa wa rika langu, na kila mara linaulizwa kama vile jibu liko wazi: "Si hii kitu iko kwenye kiwango? Si basi ni ya kila mtu?" Jibu langu ni kwamba si lazima iwe ya kila mtu. Hiyo "si lazima" imenifanya niandike post ndefu kuliko kawaida yangu, kwa hivyo chukua chai kwanza.

Kabla tuendelee, neno moja. Nitasema msimbo kila mahali nikimaanisha yale maandishi developa anaandikia kompyuta. Najua mtaani hakuna mtu anaongea hivyo. Lakini nikisema kodi, nusu yenu mtadhani naongea kuhusu KRA na landilodi, na hao wawili leo nimewapa ofu.

Sasa, kiwango ni nini? Fikiria koti la shule. Shule inaandika barua: rangi ya maruni, vifungo vitatu, mfuko mmoja kifuani, mstari wa manjano kwenye mkono. Fundi yeyote akifuata hayo maelezo, awe Gikomba au Kisumu, koti litapita getini bila mwalimu wa zamu kuuliza kitu. Hiyo barua ndiyo kiwango. Inafanya mafundi wasiojuana watoe vitu vinavyolingana.

Lakini tuseme pamoja na barua, shule imeambatanisha karatasi za vipimo ambazo fundi fulani alishakata tayari, ukiweka juu ya kitambaa unafuatisha tu. Sasa maswali yanaanza. Unaweza kuzitoa kopi? Unaweza kuzipunguza zimfae mtoto wa darasa la kwanza? Unaweza kuuza makoti mia mbili yaliyotokana nazo? Barua inasema ushone koti. Kuhusu hizo karatasi imenyamaza, na fundi aliyezikata yuko hai na ana jina lake.

Hapo ndipo msimbo wa kwenye viwango unapokaa.

Viwango vingi vya intaneti vinatoka kwa kundi linaloitwa IETF, na vinachapishwa kama nyaraka zinazoitwa RFC. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker tarehe 7 Aprili 1969, wakati huo akiwa mwanafunzi kule UCLA, Marekani. Sai namba zimepita 9,000. Kuzisoma ni bure. Na ndani ya nyingi kuna vipande vya msimbo, wakati mwingine mistari kumi, wakati mwingine programu nzima, kwa sababu kuna mambo ambayo ukieleza kwa maneno peke yake watu watayaelewa kwa njia tano tofauti.

Mfano uko kwa simu yako. Zile namba sita za kuingia kwa akaunti ambazo hubadilika kila sekunde 30, zile unazisoma haraka haraka kabla hazijapotea, kiwango chake ni RFC 6238 ya Mei 2011. Inavyofanya kazi ni rahisi na ni tamu. Siku ile uliskani ile picha ya miraba, simu yako na seva zilipewa siri moja. Tangu hapo kila upande unachukua saa ya sasa, unahesabu vipindi vya sekunde 30 vilivyopita tangu 1 Januari 1970, unachanganya hiyo hesabu na ile siri, unapata namba sita. Hakuna ujumbe unatumwa, ndio maana inafanya kazi hata ukiwa hauna bundles. Pande mbili zimefanya hesabu moja tu.

Mwisho wa hiyo RFC kuna programu ya Java inayoonyesha hesabu yote. Na juu ya hiyo programu kuna maneno ambayo wengi wetu tunaruka: mwenye hakimiliki ni IETF Trust pamoja na waandishi wa msimbo, na ruhusa ya kuutumia, kuubadilisha au bila kuubadilisha, ni ile ya leseni ya BSD. Ni mistari michache tu. Nitawaambia kwa nini hiyo mistari ina bei.

Mimi na mwenzangu hutengeneza mifumo midogo midogo kwa biashara. Mwaka jana tulipata kazi ya kuongeza sehemu ya usalama kwa mfumo wa kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Mfumo ulikuwa umeandikwa na watu wengine miaka mingi nyuma, sisi tulikuja juu yake. Tulipomaliza, kabla ya malipo ya awamu ya mwisho, wakili wao akaitisha orodha: kila kipande cha msimbo ambacho hakikuandikwa na sisi, kimetoka wapi, na leseni yake ni gani.

Mwenzangu akamwambia, "Madam, hii imetoka kwa RFC. Hiyo ni ya umma."

Wakili hakukasirika. Akauliza tu, "Ni ya umma kusoma, ama ya umma kuuza?"

Wasee, hilo swali limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Kwa ile sehemu ya namba sita, tulikuwa na jibu. Tulimfungulia RFC 6238, tukamwonyesha maneno ya leseni, akasoma, akaweka tiki. Dakika tano.

Kisha akafika kwa faili nyingine iliyokuwa ndani ya ule mfumo wa zamani: msimbo wa MD5, uliotumika kuangalia kama faili imebadilika njiani. Huo ulikuwa umetolewa RFC 1321 ya Aprili 1992, iliyoandikwa na Ronald Rivest. Msimbo uko pale kwenye kiambatisho, mzima, lakini leseni yake si BSD. Ni ya kampuni ya RSA Data Security, na inasema unaweza kuutumia mradi uutaje kwa jina refu la kampuni katika kila andiko linalotaja programu hiyo au kazi hiyo. Kila andiko! Wakili akauliza: hata tangazo? Hata mwongozo wa madereva? Hata risiti?

Baadaye RSA ilitoa taarifa kwamba mtu yeyote anaweza kutumia MD5, hata ule msimbo wao wa mfano, bila kuomba leseni. Vizuri sana. Shida ni kwamba taarifa inaishi kwingine, na RFC yenyewe bado imebeba sharti la 1992. RFC ikishachapishwa haibadilishwi tena. Kosa likipatikana linarekodiwa pembeni, ama RFC mpya inaandikwa. Kwa hivyo anayefungua ile nyaraka leo anakutana na sharti kwanza, na ile ruhusa aitafute mwenyewe, kama anajua ipo.

Tuliufuta ule msimbo na kuweka njia ya kisasa iliyokuja na lugha tuliyotumia. MD5 ni ya kustaafu hata hivyo, watafiti walionyesha tangu 2004 kwamba unaweza kupata faili mbili tofauti zenye alama moja. Lakini kupima upya, kujaza fomu upya na kusubiri wakili apate nafasi kulichukua wiki mbili. Wiki mbili ambazo pesa ilikuwa imekaa upande ule, na tarehe tano ilikuwa inakuja upande huu. Anayelipa keja anajua hiyo hesabu.

Sasa mtu atasema wakili alikuwa anasumbua bure. Hapana. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, kwenye kapu moja na vitabu na mashairi. Ulinzi unaanza pale tu unapoandika. Si lazima usajili. Unaweza kusajili na KECOBO ukitaka ushahidi mkononi, lakini hata usiposajili kazi ni yako. Maana yake ni kwamba msimbo usio na leseni una mwenyewe, ni vile tu hajasema unaweza kuufanyia nini, na akinyamaza hivyo jibu la sheria ni hapana. Vile vile tu picha yako ya Instagram ikichukuliwa na kuwekwa kwa bango la biashara ya mtu, huwezi kukubali akikuambia "lakini hukuandika usiichukue."

Halafu kuna kitu kingine kwa sheria hiyo hiyo ambacho kila mtu anayefanya gigi anafaa kujua. Ukipewa kazi na mteja kwa malipo, na hamkukubaliana vingine, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza. Sasa fikiria: unahamisha vipi kitu ambacho si chako? Ule wakili alikuwa ananunua nyumba kwa niaba ya mteja wake, na alitaka kujua kama kuna chumba kimoja ambacho title deed yake iko kwa jina la mtu mwingine. Hiyo ni kazi yake, na aliifanya poa.

Ndio maana sibebi hasira kwa wakili. Hasira yangu, kama ipo, ni kwa watu wanaoandika kiwango, wanaweka msimbo ndani, wanaambia dunia nzima "tekelezeni hivi," halafu wananyamaza kuhusu ruhusa. Huko ni kumwalika mtu kwa chakula na kumwacha mlangoni bila kumwambia kama avue viatu.

IETF wenyewe waliliona hili. Kwa miaka mingi ruhusa ya mtu wa nje kurekebisha msimbo ulio kwenye RFC haikuwa wazi. Mradi wa Debian, ambao unajulikana kwa kuchuja leseni kama mama anayechambua maharagwe, uliziweka RFC upande wa vitu visivyo huru. Desemba 2005 IETF Trust ikaundwa ishike hizi haki mahali pamoja. Kisha Novemba 2008 ikatoka RFC 5378, na mpangilio ukawa huu: ukichangia kitu IETF, hakimiliki inabaki yako, lakini unaipa Trust leseni pana, na Trust ndiyo inapitisha ruhusa kwa watu wote. Na hapo wakatenganisha vitu viwili.

Cha kwanza ni maneno ya RFC. Hayo unaweza kuyanakili na kuyasambaza yakiwa mazima, lakini huwezi kuyabadilisha kisha uendelee kuyasambaza kama kiwango. Na hiyo iko sawa kabisa. Kiwango ambacho kila mtu amekihariri kivyake si kiwango tena, ni uvumi.

Cha pili ni msimbo. Huo unatoka kwa leseni ya BSD. Tumia, badilisha, uza, weka kwa apu yako ya kulipiwa, hakuna atakayekuuliza. Masharti ni matatu mepesi: ukigawa msimbo, acha ile notisi ya hakimiliki ilipo, ukigawa programu iliyokwisha kutengenezwa, weka notisi kwenye nyaraka zake, na usitumie majina ya wenyewe kujipigia debe kana kwamba wamekupitisha. Pamoja na onyo kwamba ikiharibika, usiwalaumu. Ili watu wasibishane msimbo unaanzia wapi, kuna alama za kuuzungushia, CODE BEGINS na CODE ENDS, na Trust ina orodha ya aina za vitu vinavyohesabiwa kuwa msimbo hata bila hizo alama.

Hata wao haikuwa safi mara moja. Kwanza, hawangeweza kurudi nyuma na kutoa ruhusa kwa niaba ya watu walioandika miaka ya themanini na tisini. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamefariki, kampuni zingine zimenunuliwa mara tatu. Kwa hivyo mapema 2009 ikabidi waongeze onyo ambalo waandishi wangeweza kuweka: nyaraka hii inaweza kuwa na vitu vilivyotoka kabla ya 10 Novemba 2008, na huenda wenyewe hawajatoa ruhusa ya kubadilisha. Ukiona hilo onyo juu ya RFC, tembea polepole.

Pili, na hii ilinichekesha, kwa miaka leseni iliitwa Simplified BSD License ilhali maandishi yake yalikuwa ya ile ndugu yake yenye masharti matatu. Simplified ina mawili. Jina lilirekebishwa kuwa Revised mwaka 2021. Kama watu wanaoandika sheria za intaneti wanaweza kubandika lebo isiyo yake kwa zaidi ya miaka kumi, wewe soma maandishi yenyewe, usisome lebo tu.

Kuna mahali msimbo na kiwango haviwezi kutenganishwa kabisa. Fungua folda ya WhatsApp kwa simu ya Android, uangalie zile jumbe za sauti. Faili zinaishia na .opus. Hiyo Opus ni njia ya kubana sauti ili ule umbea wa dakika sita usikumalizie bundles, na kiwango chake ni RFC 6716 ya Septemba 2012. Humo ndani, sehemu kuu ya lazima ni msimbo wenyewe wa kufungua sauti. Maneno yanasaidia kueleza, lakini msimbo ndio kiwango. Wameubana wote na kuuweka kwa kiambatisho, unauchomoa kutoka kwa nyaraka na unafanya kazi.

Sasa jiulize: kama huo msimbo ungekuwa na leseni ya kubana, ungetekeleza kiwango vipi? Ungeweza kukisoma, lakini ukitaka kukifuata kwa uhakika ungemwangukia mwenye msimbo. Kwa bahati nzuri ulitolewa kwa BSD. Msichana wa Eldoret anayetengeneza apu ya redio ya shule anautumia kwa ruhusa ile ile waliyo nayo kampuni kubwa za California. Hiyo ndiyo picha ya kiwango huria ikifanya kazi yake.

Na usidhani ni mambo ya kampuni kubwa tu. Maneno machache kwa leseni yanaweza kusumbua dunia nzima hata kama yaliandikwa kwa roho safi. JSON, ambayo kila developa hapa anaitumia kila siku, hata ukiunganisha malipo ya M-Pesa unatuma JSON, ilielezwa na Douglas Crockford kwa RFC 4627 mwaka 2006. Kando na RFC, programu zake za mfano alizitoa kwa leseni yenye sharti la ziada: zitumike kwa mema, si kwa maovu. Inasikika poa, si ndio? Lakini wakili gani atasaini kwamba mteja wake hatawahi kutenda uovu? Na uovu kwa macho ya nani? Lugha ya PHP ilikuwa imebeba msimbo huo, na mwisho wake ikabidi waandike sehemu hiyo upya kwa njia nyingine katika PHP 7.0 ya Desemba 2015. Sentensi moja ya utu wema, kazi ya miezi kwa watu wengine.

Najua mnachosema huko. Wacha niwajibu kabla hamjaniandikia.

"Buda, nani atanishtaki juu ya mistari 40?" Pengine hakuna. Sijawahi kusikia developa wa Roysambu akiburutwa kortini kwa sababu ya kiambatisho cha RFC. Lakini tatizo letu si korti. Tatizo letu ni dili. Mwekezaji akileta wakili, kampuni ya nje ikitaka kununua kazi yako, tenda ikiitisha orodha ya leseni, hapo hakuna jaji, kuna tu mtu anayesema "tutawarudia." Na nyote mnajua "tutawarudia" inamaanisha nini. Mkubwa ana timu ya kusafisha. Sisi tuna laptopu moja na tarehe tano.

"Si uandike tu yako kutoka mwanzo?" Unaweza, na mara nyingi ni halali, kwa sababu hakimiliki inalinda vile kitu kimeandikwa, hailindi wazo wala hesabu yenyewe. Lakini mambo ya usalama si mahali pa kila mtu kujaribu bahati. Msimbo wa mfano uko kwenye kiwango ili tusikosee. Kumwambia kijana "soma, ufunge macho, kisha andika kivyako" ni kumuongezea makosa ambayo wenye kiwango walishayaondoa.

"Wakiachilia msimbo, si kila mtu ataharibu kiwango?" Hapana, kwa sababu wanaachilia msimbo na kushikilia jina na maneno ya kiwango. Ukibadilisha msimbo mpaka usiendane na wengine, apu yako itashindwa kuongea na apu zingine, na hiyo ni adhabu tosha. Kundi la WHATWG, ambalo linatunza kiwango cha HTML, limeenda hata mbali zaidi. Maneno yao yako chini ya Creative Commons inayoruhusu kubadilisha mradi uwataje, na sehemu yoyote ikiingia kwa msimbo inahesabiwa ni BSD. HTML haijaanguka. Unaisoma sai.

Msimamo wangu basi ni huu. Anayeweka msimbo kwenye kiwango aweke na ruhusa hapo hapo, ukurasa ule ule, kwa maneno ambayo mtu wa miaka 19 anaweza kumwonyesha wakili. Isiwe kwa tovuti nyingine au barua ya kuomba ijibiwe baada ya miezi, wala isiwe "kila mtu anajua." Ruhusa inafaa kusafiri pamoja na msimbo, kama vile mtoto anavyosafiri na kitambulisho cha mzazi.

Na sisi tuna kazi yetu pia. Unapochukua kipande, chukua na ile notisi iliyo juu yake, usiifute ili faili ionekane safi. Weka faili moja kwa mradi wako, andika: kipande hiki, kutoka RFC hii, sehemu hii, leseni hii, tarehe hii. Ni dakika mbili. Angalia mwaka. Ikiwa ni ya kabla ya Novemba 2008, usidhani, soma. Na kumbuka leseni ya hakimiliki haikupi hataza. Hakimiliki ni ya maandishi, hataza ni ya uvumbuzi, na unaweza kuwa na ruhusa ya moja bila nyingine. MP3 ilikuwa na viwango vilivyochapishwa kwa miaka mingi, lakini mpango wa kulipia hataza zake ulifungwa mwaka 2017 tu.

Nimebakisha kitu kimoja, na kwangu ndicho kitamu zaidi. Nilipokuwa nasoma masharti ya Trust, nilikuwa natafuta tu leseni ya msimbo. Nikakutana na ruhusa nyingine imekaa hapo kimya. Wanasema maneno ya RFC hayabadilishwi, lakini yanaweza kutafsiriwa kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, na tafsiri hiyo kusambazwa, mradi iwe nzima. Hakuna kuandika barua wala kulipa. Yaani ruhusa ya kuziweka hizi nyaraka kwa Kiswahili iko tayari, imesainiwa, inatungoja.

Kuna kijana yuko Kwale au Kakamega ana akili ya mashine kuliko sisi wote, na kinachomzuia ni Kiingereza cha mawakili na mainjinia. Mimi nimeanza na RFC 6238, ile ya namba sita. Niko ukurasa wa nne, na bado nabishana na kamusi kuhusu neno la "siri inayoshirikiwa." Anayetaka kuchukua nyingine achague namba yake. Ziko zaidi ya elfu tisa, hatutagongana.